Chuo cha akiba ni kile ambacho jamaa inaweza kukilipia

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, macho ya taifa huwaelekea waliopata gredi ya A. Hubebwa mabegani, hupigwa picha, na wazazi wao huulizwa siri ya ufanisi. Hayo ni mambo ya siku mbili tatu. Baadaye huja kazi isiyopigiwa vigelegele, nayo ni ya kuchagua chuo. Katika mtihani wa 2023 watahiniwa 201,133 walifikia gredi ya C+, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada. Katika ule wa 2024 walikuwa 246,391. Swali ninalouliza leo ni hili: wangapi kati yao walichagua chuo wakijua ni nani atakayelipa karo hadi mwaka wa mwisho?

Nina sababu ya kuuliza. Mwaka 2023 binti wa jirani yangu, aliyekuwa na gredi ya C+, alinijia na orodha ya kozi. Nilimsaidia kupanga zile za juu, kisha nikamshauri aweke mwishoni chuo kikuu kimoja cha kibinafsi kilichokuwa karibu na kwao. Nilimwambia, “Hapa huwezi kukosa, alama zao ziko chini.” Kweli hakukosa. Aliteuliwa papo hapo, na mamake akaja kunishukuru. Muhula wa pili ulipoisha, binti alikuwa amerudi nyumbani kwa kushindwa kulipa karo.

Kosa langu lilikuwa wapi? Nilitumia fikira za zamani. Tangu 2016 serikali ilikuwa ikiwapeleka baadhi ya wanafunzi katika vyuo vikuu vya kibinafsi na kuwachangia karo, na katika vyuo vya umma mwanafunzi wa serikali alitozwa shilingi 16,000 tu za masomo kwa mwaka. Mei 2023 mambo yakageuka. Mfumo mpya wa ufadhili ulitenga ruzuku ya serikali kwa vyuo vya umma pekee. Anayeteuliwa kwenda chuo kikuu cha kibinafsi akabakia na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, na mfuko wa mzazi wake. Nilikuwa nimempa binti yule hakika ya kupokewa bila kumpa hakika ya kusoma.

Yafaa basi tuelewane kuhusu maana ya chuo cha akiba. Kwa maoni yangu, ni chuo kinachotimiza masharti matatu. Kwanza, alama za mtahiniwa ziwe zimevuka kwa mbali kiwango kilichohitajika miaka iliyotangulia. Pili, sehemu ya karo inayoiangukia jamaa iwe ni kiasi ambacho jamaa hiyo inaweza kukitoa kila mwaka pasipo kuuza shamba. Tatu, kozi yenyewe iwe ni moja ambayo mwanafunzi hatajuta kuisomea. Wengi wetu tumekuwa tukiliangalia sharti la kwanza pekee.

Sharti la pili lina hesabu yake. Viwango vilivyotangazwa mwaka 2024 viliwagawa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma katika makundi matano kulingana na uwezo wa jamaa zao. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, lilipangiwa ruzuku ya asilimia 70, mkopo wa asilimia 25 na mchango wa jamaa wa asilimia 5. Kundi la tatu likapangiwa asilimia 50, 30 na 20. Kundi la tano likapangiwa asilimia 30, 30 na 40.

Tuchukue mfano wa kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Katika kundi la tatu jamaa italipa 40,000. Katika kundi la tano italipa 80,000, maana yake shilingi 320,000 kwa miaka minne. Aidha, tusisahau kwamba mkopo si zawadi. Mwanafunzi wa kundi la tatu atakopa 60,000 za karo pamoja na 50,000 za matumizi kila mwaka, na atahitimu akidaiwa shilingi 440,000 kabla ya riba kuhesabiwa.

Jambo linalotatiza zaidi ni kwamba mwanafunzi huchagua kozi kwanza, kisha huomba ufadhili baadaye. Anapopanga orodha yake hajui atawekwa katika kundi gani. Mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye wazazi wake wana mshahara lakini wamelemewa na mikopo, anaweza kujikuta katika kundi asilolitarajia. Kwa hivyo rai yangu ni kwamba chuo cha akiba kichaguliwe kwa kukadiria kundi baya kuliko lile tunalolitumainia. Jamaa ikiweza kulipa katika hali hiyo, itaweza katika hali nyingine yoyote.

Isitoshe, mfumo wenyewe haujatulia. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa unakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo, na serikali nayo ikatangaza kupunguza karo za vyuo vikuu. Basari za kaunti na za maeneo bunge nazo zimezoea kuchelewa, na uhalali wake umebishaniwa. Mzazi anayejenga mpango wa miaka minne juu ya basari anajenga juu ya mchanga.

Hapa ndipo vyuo vya kiufundi vya umma vinapostahili heshima ambayo tumevinyima. Mfumo wa 2023 uliweka gharama yake kuwa shilingi 67,189 kwa mwaka, na mwanafunzi wake anaweza kuomba ruzuku na mkopo. Aliyepata C- anaweza kusomea diploma, na diploma si ukuta, kwani mwenye kufaulu vyema anaweza kuendelea hadi shahada. Wapo hata waliofikia C+ ambao huichagua njia hiyo kwa hiari, nao si wapumbavu.

Najua kuna watakaosema kuwa ninawafundisha maskini kuota ndoto ndogo. La hasha! Sijasema mtahiniwa aondoe udaktari au uhandisi kileleni mwa orodha yake. Aviache huko juu, tena kwa ujasiri. Ninachosema ni kwamba nafasi ya chini kabisa isijazwe kwa pupa dakika za mwisho katika kibanda cha intaneti. Mtoto wa tajiri akiteleza atachukuliwa na jamaa yake. Mtoto wa maskini ndiye anayehitaji akiba zaidi, na ndiye asiyeambiwa habari zake.

Wala mzigo huu usiachiwe mwanafunzi peke yake. Tovuti ya KUCCPS, shirika linaloteua wanafunzi wa vyuo, huonyesha alama zilizohitajika na gharama ya kozi. Hatua inayobakia ni kuandika kando ya kila kozi, kwa lugha ya kawaida, jamaa ya kila kundi italipa shilingi ngapi. Shuleni nako, mwalimu wa kutoa ushauri apunguziwe vipindi ili apate nafasi ya kuketi na watahiniwa na wazazi wao, kalamu mkononi, wapige hesabu kabla ya dirisha la maombi kufungwa.

Binti wa jirani yangu alianza upya mwaka 2024 katika chuo cha kiufundi, akisomea diploma ya umeme, na huenda huko kwa miguu kutoka nyumbani kwao. Nafurahi kumwona asubuhi akipita na mkoba wake. Lakini mkopo wa mwaka ule alioupoteza bado umeandikwa kwa jina lake huko HELB, na siku moja atatakiwa aulipe. Mimi niliyemshauri sidaiwi hata senti.