Dau la mnada lisimame, si lishinde tu

Mfanyabiashara wa mpakani akiona tangazo la mnada wa nyumba iliyotwaliwa na benki, huona bei ya kutupa. Tunamsihi atulie kwanza.

Chukua Kenya. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana. Nyumba ikiuzwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, benki huchukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo, na mkopaji anaweza kwenda mahakamani. Anayeshinda kwa nusu ya thamani huenda amenunua kesi.

La pili, ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya humruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa mkataba wa kukodi tu, usiozidi miaka 99. Mganda na Mtanzania wamo humo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika 2010, iliachia kila nchi sheria zake za ardhi.

Basi kabla nyundo haijagonga, pekua hati katika ofisi ya ardhi, jua nani anaishi ndani, andika kiwango chako cha mwisho na usikivuke. Hakikisha pia salio utalipata kwa wakati. Amana ikipotea, ni mtaji wa biashara umekwenda.

Nazo serikali zinazotuhubiria soko moja zibandike masharti ya minada kwa Kiswahili katika vituo vya mpakani, waliko wanunuzi.