Jina la Wote Si Jina la Mtu

Katika chuo kimoja tulichopata kufundisha, mashine zote za chumba cha kompyuta ziliongozwa na programu moja iliyotimiza kazi zake yenyewe kwa saa zilizopangwa: kuhifadhi nakala, kuweka programu mpya, kusafisha mashine. Walimu sote 12 tuliingia humo kwa jina moja na neno la siri moja. Asubuhi moja tulikuta mazoezi ya wanachuo ya muhula mzima yamefutika. Kumbukumbu za mtambo zilimtaja mtendaji mmoja tu: "mwalimu". Hakuna aliyeweza kuulizwa, wala hakuna aliyeweza kujitetea.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa halikuwa la aliyefuta, bali letu sote tulioridhia kutumia jina lisilo na mwenyewe. Dawa yake inajulikana. Upo utaratibu uitwao LDAP, uliotangazwa mwaka 1993 baada ya kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Utaratibu huo huziwezesha programu mbalimbali kuuliza habari za watumiaji katika daftari moja kuu. Majukwaa ya kuongoza kazi za mashine, kama vile Ansible Automation Platform, huweza kuunganishwa na daftari hilo. Mtu aandikapo jina lake na neno lake la siri, jukwaa huliuliza daftari na kungoja jibu. Halina haja ya kuweka orodha yake ya maneno ya siri. Akikubaliwa, hutazamwa kundi aliloandikwa, na kundi ndilo limpalo madaraka: huyu atazame tu, yule aendeshe kazi, mwingine abadilishe mipango.

Hapana shaka mwanachuo ataona hapa jambo alijualo. Kiranja ana madaraka kwa sababu ya cheo chake, na mtoto ahamapo shule jina lake hukatwa daftarini. Basi yafaa somo lianzie hapo. Waulizeni watoto kwanza nani ashikaye ufunguo wa stoo, na kwa nini si kila mtu. Kisha ndipo mzungumzie kompyuta.

Wapo wasemao kwamba daftari moja likiharibika, wote watafungiwa nje. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hiyo hubakizwa ndani ya jukwaa jina moja la dharura, na neno lake la siri hutunzwa kama ufunguo wa akiba. Tena mawasiliano na daftari sharti yafumbwe kwa utaratibu wa TLS, maana bila hivyo neno la siri laweza kusomwa njiani. Lakini tahadhari hizo si sababu ya kurudia jina la wote.

Ndugu wanachuo, tunawafundisha watoto kuandika majina yao juu ya mazoezi yao ili kila mmoja awajibike kwa kazi yake. Hatuna budi nasi kufanya vivyo hivyo mbele ya mashine. Mwenzako akikuomba neno lako la siri, hata kwa dakika moja, mkatalie kwa upole.