DAKTARI AFUNDISHWE KANDO YA KITANDA, SI UBAONI TU



Mtashangaa kuona kikaratasi chetu hiki, ambacho kazi yake ni mishahara, saa za kazi na watu wanaofukuzwa bila barua, kikisema habari za masomo ya madaktari. Msishangae. Mwili wa mfanyakazi ndio mtaji wake wa pekee, na siku mtaji huo unapokwisha yeye huangukia mikononi mwa daktari. Tuna haki ya kuuliza mikono hiyo ilifunzwa nini.

Wengi wenu mwamkumbuka yule mzee wa tawi letu, fundi wa kuchomea vyuma, aliyelipa ada yake kila mwezi na hakukosa mkutano. Saratani ya umio ilimkaba hata maji yakashindwa kupita. Tulikuwa tukienda kumwona wadini kwa zamu. Asubuhi daktari kijana alipita, akasoma karatasi, akasema, "Hakuna la kufanya zaidi," akaenda kitanda cha pili. Mzee akaandikiwa vidonge vya parasetamoli. Ndugu, mtu asiyeweza kumeza mate anaandikiwa vidonge! Siku nne aliuma shuka ili asipige kelele mbele ya watoto wake, na siku ya tano akafa.

Hospitali hatuitaji kwa jina, maana si hiyo peke yake. Na yule kijana hatumlaumu sana. Tulipomwuliza baadaye alijibu bila kuficha: habari za morfini alizisikia darasani, akajibu swali la mtihani, na tangu hapo hakuona hata siku moja mtu akiipima na kumpa mgonjwa. Aliogopa kumwua mzee. Basi wa kulaumiwa ni wale waliompa koti jeupe bila kumweka hata wiki moja kando ya mtu anayeijua kazi.

Neno "hakuna la kufanya" si kweli. Liko la kufanya, na tena si la gharama kubwa. Morfini ya kunywa hutengenezwa kwa unga na maji. Hutolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kungoja mgonjwa alie. Huanzwa kwa kipimo kidogo, hupandishwa kwa kadiri ya maumivu, na pamoja nayo hutolewa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu morfini hufunga tumbo. Asiyeweza kumeza hudungwa sindano chini ya ngozi. Kidonda kinachonuka hunyunyiziwa unga wa metronidazoli, harufu ikapungua, na majirani wakarudi kuingia chumbani. Halafu kuna kazi iliyo ngumu kuliko zote: kuketi, kumwambia mtu na mkewe ukweli, na kunyamaza wanapolia bila kukimbilia mlangoni.

Mambo haya ni ya mkono na jicho. Ninyi mafundi mwajua. Nani kati yetu alijifunza kuchomea kwa kutazama ubao? Mwanagenzi husimama karibu na fundi, hushika chombo fundi akimtazama, kisha huachiwa afanye peke yake huku fundi yu karibu. Daktari naye ni hivyo. Katika mwaka wake wa mazoezi huzungushwa idara baada ya idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi. Hivyo ndivyo anavyojua kuzalisha na kupasua. Tunalotaka ni kwamba katika mzunguko huo ziwekwe wiki nne za kuwatunza wasiotarajiwa kupona: baadhi wadini, baadhi katika hospisi, na baadhi nyumbani kwa wagonjwa, maana wengi wetu hurudishwa nyumbani kufia huko.

Wako watakaosema madaktari ni wachache, hakuna nafasi. Hao wagonjwa tayari wamejaa vitandani, na wakirudishwa nyumbani na maumivu yao huletwa tena usiku wa manane kwa gari la kukodi. Wengine watasema morfini huwafanya watu walevi. Mtu aliyebakiwa na wiki tatu analindwa na ulevi gani? Ikipimwa sawasawa na kutazamwa ni dawa kama dawa nyingine, na njia ya kuiondoa hofu ni kumwonyesha kijana jinsi inavyopimwa.

Wala hatuombi jambo geni. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Majirani zetu wa Uganda walipata hospisi yao mwaka 1993, na mwaka 2004 waliruhusu kwa sheria hata wauguzi na matabibu waliofunzwa kazi hiyo waandike morfini. Mwaka 2014 mkutano mkuu wa afya wa dunia, kule Geneva, ulipitisha azimio kwamba mafunzo haya yaingizwe katika masomo ya wahudumu wa afya. Shirika la Afya la Dunia lakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 56 wahitaji matunzo hayo kila mwaka, na wanaoyapata ni kama 14 kwa kila 100. Na Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, yatupa haki ya afya ya kiwango cha juu. Haikuandika kwamba haki hiyo hukoma daktari anapokata tamaa.

Twataka kusema na madaktari wenyewe pia. Madaktari wa mazoezi ni wafanyakazi kama sisi. Walipogoma siku 56 mwaka 2024, malipo ya vijana hao yalikuwa katika kiini cha ugomvi, nasi hatukusahau. Kwa hiyo wiki nne ziwe ndani ya mwaka wao na kwa malipo kamili, zisiwe mzigo wa bure juu ya mzigo. Na msione haya kufundishwa na mwuguzi, kwa sababu mahali pengi anayeijua kazi hii ni yeye. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alikuwa mwuguzi kabla ya kuwa daktari. Lakini mwuguzi anayefundisha naye alipwe kwa kufundisha, asiambulie asante tupu.

Matajiri wetu nao wana deni. Bima walizotukatia hulipa upasuaji wa maelfu, lakini mwuguzi akija nyumbani na chupa ya dawa, hailipi. Neno hilo tutalipeleka mezani katika mapatano yajayo.

Barua kwa Wizara ya Afya na kwa Baraza la Madaktari imekwisha andikwa, na Katibu anayo. Kila tawi liisome, lirekebishe likipenda, na kuirudisha na sahihi kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Mjane wa mzee wetu ameomba jina lake liwe la kwanza.