Chekechea si kivutio cha utalii

Kila likizo ndefu ya vyuo vya Ulaya ikifika, Moshi na Arusha hupokea wanafunzi kibao. Wanapanda Kilimanjaro, wanaangalia tembo, kisha wiki mbili wanajitolea chekechea. Moyo wao siubezi hata kidogo.

Ninachouliza ni hiki. Kwao Uingereza, mwanafunzi huyo huyo haachwi peke yake na watoto wa chekechea kabla rekodi yake ya uhalifu haijakaguliwa kupitia taasisi ya umma iitwayo DBS. Kwetu, baadhi ya vituo humkabidhi darasa siku ya kwanza, eti kwa kuwa ni mgeni na anajua Kiingereza!

Jamani, Sera ya Elimu ya 2014 ilishaifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Hapo ndipo msingi unapojengwa. Kila mgeni akianza upya na moja, mbili, tatu yake, mwalimu aliyesomea kazi anasukumwa pembeni, na mtoto aliyeanza kumzoea "anti" anaachwa akimuulizia.

Waje, tena karibu sana. Ila waje na cheti cha tabia njema kutoka polisi wa kwao, wawe wasaidizi wa mwalimu, si mbadala wake.

Wewe msomaji, mwanao ungemkabidhi kwa mtu usiyemjua?