Akiba Iliyomo katika Karatasi za Mitetemo

Kila ardhi itikisikapo, kama ilivyotikisika Bukoba tarehe 10 Septemba 2016, halikosi kuzuka swali hili: ikiwa vyombo vya kupimia mitetemo haviwezi kututabiria siku ya tetemeko, ya nini kuvigharimia? Swali hilo ni la haki, ila limejengwa juu ya dhana kwamba vyombo hivyo vina kazi moja tu.

Yafaa tukumbuke jinsi tulivyo wageni wa dunia hii tunayoikanyaga. Shimo la Kola, nchini Urusi, lilichimbwa kwa miaka mingi, na mwaka 1989 likafikia kina cha meta 12,262. Kutoka juu hadi kitovu cha dunia ni kilometa 6,371. Kazi yote hiyo, basi, haikutimiza hata sehemu moja kati ya mia tano ya safari.

Mahali ambapo keekee imeshindwa, mawimbi ya tetemeko hupita. Yako yanayousukuma na kuuvuta mwamba kufuata njia yanayokwenda, na yako yanayoutikisa kwa kuikingama njia hiyo. Haya ya pili hayawezi kupita katika kitu kilicho majimaji. Kwa kulinganisha saa ambazo mawimbi yamefika katika vituo mbalimbali, wataalamu hutambua yamepitia vitu vya namna gani. Ndivyo ilivyojulikana kwamba chini ya kina cha kilometa 2,900 hivi kuna kiini cha madini yaliyoyeyuka.

Tarehe 17 Juni 1929 ardhi ilitetemeka New Zealand. Vituo vya mbali, vikiwemo vya Ulaya, viliandika mawimbi hafifu mahali ambapo hayakutazamiwa, kwani kiini majimaji huyapinda na kuacha eneo la kivuli. Baadhi ya wataalamu waliyahesabu kuwa mawimbi yaliyozunguka kandokando ya kiini. Inge Lehmann, mwanamke wa Denmark, hakuridhika. Mwaka 1936 alitoa hoja kwamba ndani ya kiini kuna kiini kingine, nacho ndicho kinachoyarudisha mawimbi hayo hadi kivulini. Leo twajua kwamba kiini hicho cha ndani ni kigumu, na kwamba nusu kipenyo chake ni kilometa 1,220 hivi.

Msomaji na azingatie jambo moja. Miaka 7 ilipita baina ya tetemeko na maelezo yake, na waliotunza karatasi zile hawakujua kwamba zimebeba habari za kiini kisichojulikana. Laiti wangezitupa kwa kuwa tetemeko halikuwa la kwao, Lehmann angechunguza nini?

Nasi tumo katika habari hii. Mwaka 1994 na 1995 viliwekwa nchini Tanzania vituo 20 vya muda. Kwa mawimbi ya matetemeko yaliyotokea mbali, watafiti walibaini kwamba chini ya mwamba wa kale wa katikati ya nchi kuna mzizi mnene uliopoa, na chini ya Bonde la Ufa la mashariki kuna joto lisilo la kawaida. Lakini kituo cha muda huondoka, mitetemo haiondoki.

Sisemi kwamba vyombo hivi vitangulie dawa na maji. Nasema kwamba kituo kilichokwisha kujengwa kisiachwe kife kwa kukosa betri, kwamba karatasi za zamani zinakiliwe katika kompyuta, na kwamba vijana wetu wafundishwe kuzisoma wenyewe. Tetemeko lililopita bila kuandikwa halirudi kutuhadithia upya.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii ni ya karatasi, nayo huoza na kuliwa na mchwa. Hapana budi tuitunze kabla hatujajua thamani yake, kwa kuwa anayeijua huenda bado yuko darasani.