Tuache kusema "ni ya mbwa tu"

Katika maduka ya nafaka ya hapa Mengo na Kisenyi kuna maneno ambayo mnunuzi huyasikia mara kwa mara: "Hii ni ya mbwa tu." Husemwa pumba zikiwa za kijivu na kunuka ukungu, na bei imeshushwa. Mwaka jana maneno hayo yalinishawishi. Nikalipa, gunia likapakiwa kwenye boda boda, nikaenda zangu.

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tulitia geti kwanza, kisha tukatafuta mbwa. Mimi nilikuwa nao wawili: mzee wa kienyeji na mtoto wa Alsatian wa miezi saba. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimwibia mwenzake, niliamua wale sufuria moja: pumba, mukene na matumbo ya ng'ombe. Baada ya majuma machache wote wawili waliacha kula. Yule mdogo macho yakawa ya manjano. Daktari wa mifugo alisema ini limeharibika, kisha akauliza: "Mwalimu, unawalisha mahindi gani?" Mzee alipona. Mdogo nilimzika nyuma ya nyumba, wanangu wakitazama.

Daktari alishuku aflatoksini, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita sumukuvu. Hutokana na kuvu kwenye nafaka isiyokauka vizuri, na kupika hakuiondoi. Tena hujikusanya zaidi kwenye maganda na kiini cha hindi, yaani katika pumba zenyewe. Hata mataifa tajiri hayakuepuka. Mwishoni mwa 2020 na Januari 2021, chakula cha mbwa cha mifuko kilirudishwa madukani kule Marekani kwa sababu hiyo hiyo, na vifo zaidi ya 100 viliripotiwa.

Sasa nimepata mtoto mwingine, na bado mbwa wangu wanakula chakula kimoja. Lakini safari hii niliketi mezani na mfuko na kopo, nikavisoma kama nisahihishaye mitihani. Nilijifunza mambo matatu.

Kwanza, viungo hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Nyama mbichi ikiandikwa ya kwanza usishangilie, kwani karibu asilimia 70 yake ni maji.

Pili, ondoa maji kabla ya kulinganisha. Mfuko ulisema protini asilimia 22 na maji 10. Kopo lilisema protini 8 na maji 78. Ukigawa 22 kwa 90 unapata kama asilimia 24. Ukigawa 8 kwa 22 unapata 36. Kumbe kopo lililoonekana maskini ndilo tajiri, ila unalipia maji mengi.

Tatu, chakula kimoja kichaguliwe kwa kumfikiria mtoto. Viwango vya Marekani hudai protini isiyopungua asilimia 22.5 kwa mbwa anayekua na 18 kwa mkubwa, maji yakiwa yameondolewa. Mfuko wangu uliwatosha wote. Kinachotofautiana ni kipimo, maana mzee akishiba kama kijana atanenepa. Wala usimwongezee mtoto wa mbwa mkubwa unga wa mifupa ukidhani unamsaidia. Chokaa ikizidi, mifupa hukua vibaya.

Anayepika nyumbani naye asome gunia lake kwa macho na pua. Mukene uwe mkavu, usio na mchanga. Pumba zikinuka ukungu, usinunue hata kwa bei ya bure.

Na nyinyi wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mutukula, jambo hili lawahusu kuliko mimi. Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hii. Marufuku ilipoondolewa siku chache baadaye, iliacha masharti: cheti kionyeshe kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Je, gunia likikataliwa mpakani huenda wapi? Likiitwa "ya mbwa", leo litaliwa na mbwa wangu, kesho na kuku wako, kesho kutwa na ng'ombe anayekukamia maziwa, na sumu hiyo hupita mpaka kwenye maziwa. Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hii. Hao hawakuwa mbwa.

Tuanike mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, na tusiyafunge kabla unyevu haujashuka chini ya asilimia 13.5. Nawaomba pia UNBS waziangalie pumba kwa jicho lile lile wanaloangalia unga. Gunia lililooza halina mteja wake halali, lichomwe.

Muuzaji wangu simlaumu peke yake. Yeye alisema "ni ya mbwa tu", nami, mwalimu mzima, nikaitikia.