Mgonjwa wa Sonona Asiambiwe Ajikaze

Hapana nasaha iliyo nyepesi kinywani mwa mwenye kuitoa, na nzito moyoni mwa mwenye kupewa, kama ile aambiwayo mgonjwa wa sonona na jamaa zake wanaompenda: ajikaze, aache mawazo, atoke akatembee, azidishe ibada, ashukuru kwamba wako walio na dhiki kuu kuliko yake. Wasemao hivyo hawana nia mbaya; aghalabu ni mama, ndugu au sahibu aliyechoka kumwona mtu wake akinyauka bila ya homa wala jeraha. Walakini nasaha hiyo humtaka mgonjwa aitumie azma ile ile ambayo maradhi yamekwisha mnyang'anya, naye akishindwa, huongezewa lawama juu ya ugonjwa.

Huzuni ya msiba, hata ikiwa kubwa, hupungua siku zikipita, na aliyefiwa huja akala, akalala, akarejea kazini. Mwenye sonona huamka saa tisa za usiku asiupate usingizi tena; chai aliyotengewa hupoa mbele yake kwa kuwa kuunyosha mkono ni kazi; sahani hurudi jikoni kama ilivyokwenda; na lile alilolipenda, liwe mpira, kusuka mikeka au kucheza na wajukuu, huwa halina ladha tena. Hali hiyo ikidumu majuma mawili, takriban kila siku, matabibu huihesabu kuwa ni maradhi, na Shirika la Afya Duniani limekadiria wanaougua kuwa watu zaidi ya milioni 280 ulimwenguni.

Insafu yatutaka tukiri kwamba jitihada ya nafsi ina fadhila zake. Mwendo wa miguu kila asubuhi, usingizi wa saa zake, ibada, na kikao barazani pamoja na wenzi husaidia kweli. Na sonona ikiwa nyepesi, Shirika hilo hilo halishauri vidonge viwe tiba ya kwanza. Lakini ugonjwa ukizidi, hata mtu akashindwa kuoga, akajiona mzigo kwa watoto wake, na kifo kikaanza kumpendeza, kumwachia ajitibu ni kumtupa. Aliyevunjika mguu haambiwi atembee ili apone. Hufungwa gango kwanza, kisha mfupa ukiisha kuunga, huhimizwa kutembea, wala hapana auonaye utaratibu huo kuwa ni dharau kwa miguu yake.

Dawa zenyewe si ngeni wala si za siri. Tangu Roland Kuhn, tabibu wa Uswisi, alipotangaza manufaa ya imipramini mwaka 1957, zimepatikana nyingine, na mbili kati yake, amitriptilini na fluoksetini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lipasalo kuelezwa wazi kila mgonjwa apewapo vidonge ni kwamba hazifanyi kazi kwa siku moja: huchukua majuma mawili hadi manne kabla ya nafuu kuonekana, na akiisha kupona yampasa aendelee nazo kwa miezi kadhaa, mpaka tabibu amwongoze kuziacha polepole. Wengi huzitupa katika juma la pili wakisema hazifai, na kosa hilo si lao, maadamu hapana aliyewaeleza.

Wala tiba si vidonge peke yake. Katika jiji la Harare, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza mabibi 14 wa mtaa wa Mbare kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, wakawauliza maswali yaliyopangwa, wakawasikiliza, kisha wakashirikiana nao kuchagua tatizo moja la kulitatua. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona katika kundi la mabibi walikuwa kiasi cha 14 katika kila 100, ilhali katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa 50. Hapo jitihada ya mgonjwa haikudharauliwa, bali ilitanguliwa na mtu aliyefunzwa, akampa mahali pa kuianzia. Na aliyeonekana kuwa hatarini alipelekwa kwa wenye ujuzi zaidi.

Itikadi ya kwamba mgonjwa amejitakia imeingia hata katika sheria. Nchini Kenya, aliyejaribu kujiua alihesabiwa mkosaji chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua mwezi Januari 2025 kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Uamuzi huo ni wa haki, nao utazaa matunda iwapo mgonjwa aliyeepushwa na mahabusu atapata pa kutibiwa. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, na ile ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927. Lakini haielekei hata leo mtu wa kijijini asafiri mpaka hospitali kubwa kama hizo kutafuta tiba ambayo mganga msaidizi aliyefunzwa angeweza kuianza katika zahanati ya kata. Serikali zetu na ziweke dawa hizo na wasikilizaji waliofunzwa pale pale wanapotibiwa malaria na shinikizo la damu.

Nawe msomaji, ukiwa na jamaa aliyejifungia chumbani, usimwambie ajikaze. Fuatana naye mpaka zahanati, keti naye kwenye foleni, mkumbushe dawa katika majuma yale ya kwanza yasiyo na nafuu, na nguvu zikianza kumrudia, tembea naye. Akitaja kufa, usimwache peke yake hata kidogo, na umfikishe kwa tabibu siku hiyo hiyo.